Pesa Itapita Njia Gani Kufika Masisi?

Vijana wa Masisi na Walikale hawajapungukiwa mawazo kuhusu tabianchi. Kaa nao jioni moja Nyabiondo au Mubi, utasikia habari za vitalu vya miche, za majiko yanayookoa makaa, za mashamba ya viazi yanayoteremka mlimani pamoja na mvua, za mito iliyochafuka kwa sababu ya machimbo. Ugumu unaanza pale andiko la mradi linapofika mezani kwa mtu aliye Brussels au Nairobi. Anasoma kurasa za kwanza, anavutiwa, kisha anajiuliza swali ambalo halimo kwenye fomu yoyote: dola hizi zikitoka kwenye akaunti yetu, zitapita njia gani hadi zifike kwenye udongo, na nitajuaje kwamba zimefika? Asipoliona jibu, andiko linawekwa kando, na ninyi mnapata barua ya heshima inayosema waombaji walikuwa wengi.

Ndiyo maana nawashauri muuandike mradi kwa kuanzia mwisho wa njia hiyo. Anzeni ardhini, mrudi nyuma hatua kwa hatua: nani ana ardhi, nani atapokea pesa, itasafirishwaje, nani ni mwenzenu wa nje, na mfadhili awe wa mwisho. Vikundi vingi huanza na mfadhili. Wanaona wito wa miradi kwenye WhatsApp, wanabaki na siku nne, wanaandika usiku, na kila kitu kingine wanakibuni kulingana na fomu inavyotaka.

Na nyakati zimebadilika. Januari 2025 Masisi-centre, Sake na hatimaye Goma viliingia mikononi mwa waasi wa AFC/M23. Benki za Goma zikafunga milango, uwanja wa ndege ukafungwa, na gavana aliyeteuliwa na Kinshasa akaweka ofisi zake Beni. Machi Walikale-centre nayo ilitekwa, wapiganaji wakaondoka mwanzoni mwa Aprili. Mwezi ule ule wa Januari, huko Washington, misaada ya Marekani ilisimamishwa, na tarehe 1 Julai 2025 USAID ikafungwa rasmi. Kwa hiyo ile orodha ya wafadhili ambayo watu wanatumiana tangu 2022 au 2023, nusu yake ni makaburi. Msiifuate kabla ya kuhakikisha kila jina.

Ardhi kwanza

Katika milima ya Masisi, kupanda mti ni kudai ardhi, na kila mwenye shamba kubwa analijua hilo. Ndiyo sababu andiko linalosema "tutapanda miti 20,000 Masisi" bila kusema ni kwa nani humshtua mfadhili mzoefu. Mfadhili mgeni ndiye hatari zaidi: atatoa pesa, na pesa hiyo itaamsha ugomvi.

Historia yenyewe mnaijua kuliko mimi, ila mfadhili haijui, na ukurasa mmoja wa kumweleza utawatofautisha na waombaji wengine. Kati ya 1937 na 1955 utawala wa Ubelgiji ulileta familia kutoka Rwanda kuja kukaa na kufanya kazi katika milima hii. Sheria ya Bakajika ya 1966, kisha sheria ya ardhi ya 1973, ziliifanya ardhi yote kuwa mali ya dola, na kwa mlango huo watu wachache wenye ukaribu na Kinshasa wakapata maelfu ya hekta za malisho. Vita vya 1993 viliwaka juu ya mambo hayo hayo, na bado hayajatulia. Leo mkulima asiye na shamba hukodi kipande kwa msimu, hulipa kwa fedha au kwa siku za kazi zinazoitwa salongo, na mwenye konsesioni, yaani shamba kubwa la namna hiyo, humruhusu kulima maharage, mahindi, viazi. Mti hamruhusu, kwa kuwa mti unabaki pale msimu ukiisha.

Tazameni mfano wa EcoMakala, mradi ambao WWF iliuanzisha mwaka 2007 kuzunguka Hifadhi ya Virunga, Umoja wa Ulaya ukiwa miongoni mwa wafadhili wake. Wakulima walisaidiwa kupanda mikaratusi, akasia na grevilea katika mashamba yao ili Goma ipate makaa bila kuila Virunga. Wazo lilikuwa zuri na miti ilisimama. Lakini mradi wa namna hiyo, kwa maumbile yake, unamfaa mwenye shamba. Kijana asiye na ardhi anaishia kuwa kibarua wa kitalu: anapata ujira wa miezi michache, mti unakua kwa mwingine. Kama kikundi chenu ni cha vijana wasio na ardhi, msiige mradi huo na kubadilisha jina tu.

Fanyeni hivi. Kwa mradi wa kwanza chagueni mahali pasipo na mzozo mkubwa: uwanja wa shule, kiwanja cha parokia, eneo la kituo cha afya, kingo za korongo linalotishia njia ya kijiji kizima. Andikeni makubaliano ya ukurasa mmoja na mwenye mahali hapo, shefu wa lokalite akiwa shahidi, yanayosema miti itakaa miaka mingapi, nani ataivuna, na mapato yatagawanywaje. Pigeni picha ya karatasi hiyo ikiwa na sahihi zote na muiambatanishe na andiko. Nimeona maandiko mengi yaliyojaa maneno ya "uhimilivu" na "ustahimilivu" yakishindwa na andiko la kurasa nne lenye karatasi kama hiyo nyuma yake. Mkishindwa kupata sahihi, basi mmejifunza mapema, bila gharama, kwamba mradi ule haukuwa na pa kusimama.

Walikale ni habari nyingine. Huku tuna zaidi ya kilomita za mraba 23,000, sehemu kubwa msitu, na ardhi inajulikana ni ya ukoo gani hata pale ambapo hakuna karatasi. Amri ya serikali nambari 14/018 ya tarehe 2 Agosti 2014 iliwapa wenyeji haki ya kuomba konsesioni ya msitu wa jamii, hadi hekta 50,000, bure na bila kikomo cha muda. Walikale zipo konsesioni za namna hiyo. Lipo pia eneo la Nkuba, ambako Dian Fossey Gorilla Fund inafanya kazi tangu 2012 kwa makubaliano na familia zenye ardhi, wakilinda sokwe wa Grauer. Maana yake kwa kijana ni kwamba hana haja ya kuanzisha kitu kipya. Konsesioni ya jamii ina baraza la wanajamii, kamati ya usimamizi na baraza la wazee, na inatakiwa iwe na mpango wa usimamizi. Kazi hizo zinahitaji watu wanaojua kushika simu yenye GPS, kuchora ramani, kuandika ripoti kwa Kifaransa, kufundisha watoto shuleni. Jiungeni kama tawi la vijana la konsesioni iliyopo, muombe pesa kwa kazi hiyo. Mfadhili ataona mlango uliokwisha kufunguliwa.

Kama katika kijiji chenu kuna familia za Bambuti, vijana wao wawe ndani ya kikundi tangu siku ya kuandika, si siku ya kupiga picha. Kongo ina sheria ya tarehe 15 Julai 2022 inayolinda haki za watu hao, na wafadhili wa misitu wameanza kuuliza.

Neno moja la pembeni. Wapo watu wanaopita misituni na mikataba ya kaboni, wakiahidi pesa ya kila mwaka kwa kuulinda msitu. Huo si ufadhili, ni biashara, na mkataba wake unaweza kuufunga msitu wa babu zenu kwa miaka mingi. Kijana akiletewa karatasi hiyo kwa sababu yeye ndiye anayesoma Kifaransa kijijini, asitie sahihi. Aipeleke mbele ya baraza zima, na kwa mwanasheria ambaye hakuletwa na kampuni.

Nani atapokea, na kwa namba gani

Sheria nambari 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001 ndiyo inayotawala mashirika yasiyo ya faida, yale tunayoyaita ASBL. Utu wa kisheria hutolewa na Wizara ya Sheria, Kinshasa, na vikundi vingi vya Masisi na Walikale vina karatasi ya ngazi ya chini tu, nyingine zimeandikwa na ofisi ambazo leo hazipo. Kuikimbilia karatasi ya Kinshasa wakati huu kunaweza kuwamalizia nguvu zote. Njia fupi ni kutafuta mlezi: shirika lenye usajili, akaunti na mhasibu, linalokubali kupokea pesa kwa niaba yenu. Kwetu walezi wa kawaida ni makanisa na mashirika yao. Caritas Goma inafahamika na wafadhili wa Kikatoliki wa Ulaya. Kanisa la CBCA lina parokia na shule hadi ndani kabisa. Yapo na mashirika ya Goma yaliyofanya kazi Walikale miaka mingi.

Mlezi naye achunguzwe. Muulizeni atakata asilimia ngapi kwa gharama zake, pesa itakaa kwake siku ngapi kabla ya kutumwa kwenu, na nani atajibu maswali ya mfadhili. Yote yaandikwe. Mlezi anayekasirika kwa kuulizwa hayo mwacheni aende.

Halafu njia yenyewe. Tangu benki za Goma zifungwe, watu wengi wanaishi kwa M-Pesa, Airtel Money na Orange Money, na wenye akaunti ng'ambo ya mpaka wanavuka hadi Gisenyi. Mfadhili wa Ulaya hapendi kusikia "tutatuma kwa simu," lakini ukimwandikia utaratibu kamili atakusikiliza: namba imesajiliwa kwa jina la nani, kikundi kilikutana lini kumteua, pesa inatumwa kwa mafungu madogo, fungu la pili baada ya hesabu ya la kwanza, ada ya kutuma na kutoa imewekwa kwenye bajeti. Ada hizo zinasahauliwa sana. Wakala wa kijijini akiishiwa noti inabidi mtu asafiri hadi kwingine, na safari hiyo nayo ni pesa. Watu watatu waione kila fungu likiingia, mmoja wao akiwa msichana anayeshika daftari. Simpendelei mtu: katika vikundi vya AVEC, vile vya kuweka na kukopa kijijini, daftari la akiba mara nyingi liko mikononi mwa wanawake na hesabu zinatoka sawa, na kikundi cha vijana kilichokwisha kuendesha AVEC mwaka mzima kina ushahidi wa uaminifu ambao hakuna cheti cha semina kinachoufikia. Ambatanisheni kurasa za daftari hilo.

Barieri

Hapa pana jambo ambalo maandiko mengi hulikwepa. M23 iko kwenye orodha ya vikwazo ya Umoja wa Mataifa tangu mwisho wa 2012, na Marekani iliiwekea AFC vikwazo Julai 2024. Upande wa pili wa mstari wa mapigano kuna makundi ya Wazalendo, nayo yana barieri (vizuizi vya barabarani) zake na kodi zake. Mfadhili anaogopa dola yake isije ikaishia kwa mtu mwenye bunduki, kwa kuwa sheria ya nchi yake inaweza kumshtaki. Kukaa kimya hakumwondolei hofu. Kuandika majina ya makundi na makamanda ndani ya andiko nako ni kujitafutia kifo, maana barua pepe na simu hufunguliwa barabarani.

Mnachoweza kufanya ni kuunda mradi usio na mzigo wa kupitisha. Mbegu ziokotwe chini ya miti iliyopo. Viriba vitengenezwe kwa migomba. Mafundi wa majiko wawe wa hapo hapo, udongo wa hapo hapo. Mafunzo yatolewe kwa ujumbe wa sauti na simu badala ya kumleta mkufunzi kwa gari lenye bendera. Kisha mwandikieni mfadhili kwa maneno ya kawaida: "Manunuzi yote yatafanyika ndani ya mwendo wa kutembea kwa miguu, hatutasafirisha vifaa wala fedha taslimu kupitia vizuizi." Muulizeni kwa maandishi afanye nini kijana akilazimishwa kulipa, na mlihifadhi jibu lake mahali ambapo si kwenye simu. Mkitaja wenye mamlaka, andikeni "mamlaka za mahali" basi.

Picha pia. Sura za watoto, alama za GPS za kambi, mahali sokwe walipolala, yote hayo yasitumwe ovyo, hata mfadhili akisisitiza. Picha ya mikono na miche inatosha.

Mwenzi kabla ya mfadhili

Wito mwingi wa kimataifa unadai ushirikiano wa nchi mbili au zaidi. Vijana wakisoma hivyo wanawaza Ulaya mara moja. Wawazie kwanza Rwamwanja, Nakivale na Kyangwali. Kambi hizo za Uganda zina watu wa Masisi, Rutshuru na Walikale. Rwamwanja ilifunguliwa upya mwaka 2012 hasa kwa ajili ya wakimbizi wa Kongo. Binamu yako yuko pale, anapanda miche pale, ana mtandao wa simu ulio bora kuliko wako, benki iko wazi na nchi ni ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Kongo imo tangu 2022. Kikundi cha Masisi na kikundi cha watu wa Masisi walio Nakivale ni ushirikiano wa kimataifa halali kabisa, na una jambo la kusema kuhusu tabianchi ambalo hakuna chuo cha Ulaya kinaweza kulisema. Kwa vikundi vya namna hii UNHCR ilianzisha mwaka 2022 mfuko wa ubunifu kwa mashirika yanayoongozwa na wakimbizi na waliohamishwa. Vijana wa Masisi waliokaa kambi za Bulengo au Lushagala, karibu na Goma, hadi kambi hizo zilipovunjwa Februari 2025 wasijione hawamo. Waliohamishwa ndani ya nchi yao wanahusika.

Mwenzi wa Ulaya ana nafasi yake: Wakongo wa Ubelgiji wenye vyama vyao, shule, parokia. Afrika Mashariki tuna mtandao wa Roots & Shoots, ambao Jane Goodall aliuanzisha Dar es Salaam mwaka 1991 na kundi dogo la wanafunzi, leo uko katika nchi nyingi na ni mlango rahisi wa kupata shule rafiki. Lakini kabla ya pesa yoyote fanyeni jambo moja dogo pamoja lisilo na gharama. Mimi ningependekeza kupima mvua. Chupa iliyokatwa, rula, daftari, na kijana anayeamka saa kumi na mbili kila asubuhi. Masisi wapime, Nakivale wapime, shule ya Liège ipime, mtumiane takwimu kila Jumapili. Baada ya msimu mmoja mtakuwa na kitu ambacho vijiji vingi vya milima yetu havina: kumbukumbu ya mvua yake mwenyewe. Na mvua si jambo dogo: tarehe 4 Mei 2023, kule Kalehe, jirani na Masisi, mafuriko yaliua zaidi ya watu 400 Bushushu na Nyamukubi. Mfadhili akiona vijana wameanza kupima wenyewe, bila senti, atajua pesa yake inaongeza kasi ya kitu kinachotembea.

Mwenzi wa nje mara nyingi ndiye anayeandika Kiingereza au Kifaransa kizuri, na ndiye anayejipangia sehemu kubwa ya bajeti. Mwambieni mapema, kwa upole wa kwetu lakini bila kuzunguka: zaidi ya nusu itumike Masisi, data na picha ni zenu, na jina lenu litangulie. Akija na bajeti ambayo ndani yake kuna tiketi ya mtu mmoja kwenda mkutano wa tabianchi wa COP, ikataeni. Novemba 2025 mkutano ulikuwa Belém, Brazili, na bei za vyumba ziliwashinda hata wajumbe wa serikali. Tiketi hiyo ni kitalu kizima, na mnajua ni nani atapanda ndege.

Milango ya kubisha

Sasa wafadhili, na hapa nitakwenda haraka kwa kuwa masharti hubadilika kila mwaka. Programu ya Ruzuku Ndogo ya GEF (Mfuko wa Mazingira Duniani), inayosimamiwa na PNUD tangu 1992, ndiyo iliyoundwa kwa vikundi kama vyenu. Ruzuku zake kwa kawaida hazijazidi dola 50,000, na kikundi cha kwanza kisiombe hata robo yake. Rufford Foundation ya Uingereza hutoa pauni elfu kadhaa kwa kazi ya kulinda viumbe na inakubali mtu binafsi. Kijana wa Walikale aliyesoma mazingira na ana watu wa kumshuhudia ajaribu huko. Global Greengrants Fund haipokei maombi yanayotumwa tu. Hufanya kazi kupitia washauri waliopo katika kila kanda, kwa hiyo kazi yenu ni kujulikana kwao kupitia mashirika ya Goma au Kampala. Ubalozi wa Ufaransa umekuwa na mfuko kwa asasi za kiraia, uliojulikana kama PISCCA, Canada ina mfuko wake wa miradi ya wenyeji, na Francophonie hufungua wito mara kwa mara ambao waombaji wa nchi za Kiingereza hawauoni.

Umoja wa Ulaya ulipounda mfuko wa vijana, Youth Empowerment Fund, ulipitisha pesa kwa mashirika sita makubwa ya vijana duniani, yakiwemo YMCA, Skauti na Msalaba Mwekundu. Sasa hebu fikirini: skauti wako parokiani kwenu, vijana wa Croix-Rouge wako kwenye kituo cha afya. Mlango wa Brussels uko mtaani na watu wanaupita kila siku.

Kabla ya kuandika neno lolote, tazameni orodha ya nchi. Wito mwingi unaotoka Uingereza ni wa nchi za Jumuiya ya Madola. Rwanda imo tangu 2009, Uganda na Kenya zimo, Kongo haimo. Hapo mwenzenu wa Uganda anaweza kuwa mwombaji mkuu, ninyi mkawa washirika, ikiwa masharti yanaruhusu. Mfuko wa Kijani wa Tabianchi ulioko Korea Kusini, mfuko mpya wa hasara na uharibifu, na pesa za CAFI, mpango wa misitu ya Afrika ya Kati, zinazopitia FONAREDD Kinshasa si za kikundi cha kijiji. Dola milioni 500 zilizoahidiwa Kongo kwenye mkutano wa tabianchi wa Glasgow mwaka 2021 zinapita kwa wizara na mashirika makubwa. Zijueni tu, kwa kuwa zinawapa hoja. Katika ahadi yake ya tabianchi ya 2021 Kongo ilisema itapunguza hewa chafu kwa asilimia 21 ifikapo 2030, na asilimia 19 kati ya hizo zinategemea msaada wa nje. Sentensi hiyo ikikaa kwenye ukurasa wa kwanza wa andiko lenu inaonyesha kwamba kitalu cha Nyabiondo kimo ndani ya ahadi kubwa ya nchi.

Na yeyote anayeomba "frais de dossier", yaani ada ya faili, ili ombi lenu lisomwe ni mwizi. Hakuna mfadhili wa kweli anayelipwa na mwombaji.

Kalenda na hesabu

Msimu A tunapanda Septemba, msimu B Februari. Pesa ikifika Oktoba miche imechelewa, na mfadhili atadai ripoti ya miti ambayo haikuwahi mvua. Semeni kwenye andiko: ikichelewa kupita tarehe fulani, upandaji unahamia msimu unaofuata na kwa sasa tutafanya majiko, mafunzo na vipimo vya mvua. Bajeti iandikwe kwa dola na kwa franga, pamoja na kiwango cha kubadilisha cha siku hiyo. Wekeni posho ndogo ya wazi kwa wanaofanya kazi. Vijana wanaojitolea kwa maneno huishia kuchukua kwa siri, na hilo ni kosa la bajeti kabla ya kuwa la mtu.

Sokoni Masisi muuzaji wa majembe hatoi risiti. Kubalianeni na mfadhili kabla, kwa barua, kwamba karatasi ya malipo yenye tarehe, kiasi, jina la soko na alama ya dole gumba itapokelewa. Ipigwe picha siku ile ile na kutumwa kwa mwenzenu wa nje aihifadhi, kwa sababu daftari linaweza kuungua na nyumba.

Hilo linanileta kwenye swali la mwisho la mfadhili, na mara nyingi ndilo la kwanza moyoni mwake: vita vikifika, pesa yangu itakuwaje? Msimwambie hali ni tulivu, anasoma habari. Mjibuni namna hii: "Wanachama wetu walishakimbia zaidi ya mara moja na kikundi hakikufa. Mapigano yakifika, matumizi yanasimama siku hiyo, salio linabaki kwa mlezi, na ndani ya wiki mbili tutawapigia tukiwa popote tulipo. Mbegu, vipimo na ujuzi vinasafiri na watu. Tukifika Minova, Goma au Nakivale, tutaendelea na sehemu ya mradi inayowezekana huko baada ya kibali chenu." Chini yake wekeni namba za simu za watu watatu wanaoishi mahali patatu tofauti, mmoja wao nje ya nchi, kisha mtume.